Soya Isiyoonja Maji

Ukame wa mwaka wa tatu ulipoyakausha mashamba ya Quimilí, Nereo Zapelli alifurahi. Wenzake wakilitazama jua waliona njaa. Yeye aliona wateja. Akauza pikipiki, mali yake pekee, akanunua soya ya kulishia nguruwe, akaijaza katika magunia arobaini meupe yasiyo na maandishi. Huko mbegu za magendo huuzwa hivyo, na mkulima akiona gunia jeupe haulizi risiti. Ujanja wake uliishia hapo, naye akajiona profesa.

Akamwendea Ercilia Gauna, mjane mwenye shamba kando ya reli, akamwekea mezani miche miwili ya soya iliyooteshwa makoponi. Mmoja umenyauka, mwingine umenawiri.

"Mama, yote miwili haijanywa maji siku ishirini. Huu mzima una jeni ya alizeti. Jua likiuwakia, ndiyo kwanza unanenepa."

"Jeni hiyo umeitoa wapi wewe?"

"Maabara. Nina mtu wangu ndani. Ila mama, iwe siri yetu."

Ercilia akachomeka kidole kwenye udongo wa mche mzima. Ulikuwa mbichi. Akakifuta kwenye aproni. Nereo hakuona, alikuwa anaushambulia mkate wa mama wa watu.

"Sina pesa," mjane akasema. "Nina mavuno ya mwaka jana. Chukua mfuko wote, unipe magunia yako."

Mfuko wenyewe ulikuwa wa plastiki, wa kuhifadhia nafaka, umelala shambani, urefu hatua sitini. Nereo akameza mate.

"Utaniumiza, mama."

"Basi acha."

"Nani kasema naacha?"

Akaomba bambo, kile chuma cha kuchoma mfuko na kutoa punje, apime. Mgongo wa mfuko ulijaa viraka. Mnunuzi wa nafaka angeuliza kwa nini. Nereo, mtoto wa mjini, akapima palepale alipoonyeshwa, huku mwisho na kule mwisho. Ikatoka soya safi. Wakapeana mikono mbele ya jirani aliyeitwa ashuhudie, na kwao mkono ukishatolewa haurudishwi. Jioni hiyohiyo Nereo akaleta magunia.

Kesho yake akaja na lori la kukodi. Wakaupasua mfuko. Hatua tatu za soya, kisha uozo mweusi, unanuka hadi dereva akarudi kwenye lori na kupandisha vioo. Mwaka jana mvua ya mawe ilinyesha mara moja tu, na hiyo moja iliutoboa mfuko wote.

"Mama, umeniibia!"

"Nilikupa mfuko, umechukua mfuko."

"Nipe magunia yangu!"

"Nguruwe wanakula tangu asubuhi. Hawajalalamika."

"Twende polisi basi."

"Twende. Utaanza wewe kueleza ile mbegu."

Dereva akapiga honi, anadai chake.

"Na mali yako iondoke leo," Ercilia akasema. "Sitalala na harufu ya mtu mwingine."

Nereo Zapelli, profesa wa jeni, akauliza beleshi liko wapi.