Swara wa Jumapili

Jumapili, 2 Novemba
Angeline ameleta kanisani samaki wa nazi, watu wakalamba vidole. Pastor Cleopas akasema akiendelea hivyo, yeye ndiye atapewa jikoni ya Krismasi. Jikoni hiyo ni yangu, mwaka wa sita huu. Mdomo ukajifungua wenyewe. Nikasema tarehe kumi na sita naleta swara, nimemuwinda mwenyewe. Angeline akauliza swara wa Kingstanding, mtaa wetu huku ng'ambo, anakaa floor ya ngapi. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, lakini kwa uchungu.

Jumatatu, 3 Novemba
Jirani yangu Ranvir, Singh wa kuzaliwa Eldoret, huwinda na wazee wenzake. Nimempelekea chapati. Alikula nne ndio akasema Mama Kibet, bila cheti cha usalama wa bunduki hata gari yangu hupandi. Nikamwambia hiyo ni kazi ya dakika moja. Nikamwambia pia habari ya wigi ya Angeline, ingawa hakuuliza.

Jumatano, 5 Novemba
Nimepata kozi kwa simu, nikaimaliza kwa basi nikienda kazi. Nimepita. Ranvir akasoma cheti, akavua miwani, akasema dada, hii ni ya Amerika, umesomea kukwepa dubu. Nilikuwa nimeshangaa kweli, mbona dubu wengi hivyo. Amenipa namba ya kozi ya hapa, ghala moja huko Digbeth.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimefika nimechelewa kidogo. Watu kumi na mmoja kwa laini, kila mtu na bunduki ya mazoezi, haina risasi. Nikapewa yangu. Sasa, mimi siwezi kuingia mahali nikae tu kama sikulelewa. Nikapita nikiwasalimia kwa mkono, mmoja mmoja, bunduki kwapani, nikiuliza wameamkaje. Kila niliyemfikia aliinama. Nikadhani ni heshima. Mwalimu akasema polepole kwamba nimewalenga wote kumi na mmoja, na yeye mara mbili. Yeye nilimsalimia mara mbili kwa sababu ni mwalimu.
Nimeanguka mtihani. Nirudi Jumatano.

Jumatano, 12 Novemba
Nimepita! Bunduki niliweka mezani kwanza, ikiangalia ukuta, ndio nikasalimia. Cheti nimepiga picha nikatuma kwa grupu ya kina mama. Halafu nikamtumia Angeline peke yake, isije ikawa hakuona.

Jumamosi, 15 Novemba
Shamba la rafiki ya Ranvir. Baridi ya kukata masikio. Tumelala kwa nyasi masaa mawili, Ranvir ameshaniambia mara tatu ni kimya. Swara akatokea, mnono, karibu kabisa. Ranvir akainua bunduki. Sasa mtu anakaaje na habari kama hiyo? Nikarekodia grupu ujumbe wa sauti, chini kabisa. Ranvir anasema sauti yangu ya chini inasikika mpaka Edgbaston, kule mjini. Swara akaenda zake. Njiani Ranvir hakuongea, nikaongea kwa niaba yake. Nikashukia kwa bucha.

Jumapili, 16 Novemba
Nimepika mbuzi, nikamuita swara. Ameisha kabla kina baba hawajafika mezani. Pastor amesema jikoni ya Krismasi haina mjadala, ni yangu. Angeline alitafuna sana, akasema huyu swara ana ladha ya mbuzi. Nikamuuliza yeye cheti chake kiko wapi. Akajiongezea mchuzi.
Ningeishia hapo. Lakini watu walikuwa wananiangalia vizuri sana, nikajikuta nimesimama na mwiko mkononi, nawaambia Krismasi naleta nyati.