Newton Hana Barua ya Parokia

Jumatatu, 2 Machi 1987. Siakago

Wanjira anahamishiwa Meru! Zahanati yote hii, na serikali imemwona nesi huyo tu. Anaondoka tarehe kumi na nne. Nilimsindikiza hadi kwao, nikamwambia nataka kutuma wazee. Hakucheka. Akasema hawezi kuolewa na mtu asiyejua anaamini nini, kwa hiyo nimwambie kabla hajaondoka. Akaingia ndani. Mimi nikabaki nimeshika lango.

Kosa ni langu. Mwaka jana kwenye harusi nilijigamba kwamba mimi mwalimu wa sayansi naamini kinachochemka kwenye maabara tu. Kumbe alikuwa ameketi nyuma yangu. Mdomo huu!

Jumatano, 4 Machi

Nimepata dawa. Newton! Nimesoma kwamba alikuwa mtu wa Biblia maisha yake yote. Kichwa kama kile kikiamini, changu ni nani kikatae? Imani iko tayari, imeshapimwa na mtaalamu. Nitaitangaza Jumapili kwenye ushirika wa walokole, Wanjira akisikia na mama yake akisikia.

Njagi, mwalimu wa dini, ameuliza kwa nini napiga mluzi. Naye anamtaka Wanjira. Ana pikipiki na sauti nzito ya kwaya. Nikaendelea kupiga mluzi.

Jumapili, 8 Machi

Ole wangu.

Kwa walokole, ukisimama kushuhudia unataja dhambi zako na tarehe uliyookoka. Najua hilo. Lakini nani hutaja dhambi zake mbele ya mama mkwe? Nikasimama, nikasema Bwana asifiwe, nikamshuhudia Newton. Dakika kumi nzima. Mvutano, mwezi, Biblia.

Mzee Naftaly, kiongozi wa ushirika, alisikiliza vizuri sana. Kisha akauliza ndugu Newton aliokoka tarehe gani. Akauliza ni wa parokia gani, na kama amekuja na barua ya mchungaji wake, maana mgeni hapokelewi bila barua. Nikasema alishakufa. Kanisa zima likasema pole! Mama Cicily, mmoja wa washirika, akanishika bega, akauliza kama marehemu ameacha watoto.

Mzee akauliza, na wewe mwenyewe, mwalimu? Nikasema mimi niko pamoja na Newton. Wanjira alikuwa anaangalia viatu vyake.

Jumanne, 10 Machi

Njagi, shetani wa pikipiki! Jana alikwenda hadi Embu kusoma kitabu fulani kikubwa. Leo ametangaza katika chumba cha walimu kwamba Newton aliukataa Utatu kisirisiri. Saa sita habari ikawa imemfikia Mzee Naftaly. Ameniita, akaniuliza kwa upole kama na mimi nimeukataa. Nikasema huko sijafika. Akasema watatuombea, mimi na marehemu.

Alhamisi, 12 Machi

Nilikwenda zahanati. Wanjira alikuwa anafunga vitu vyake kwenye katoni. Akaniuliza, kama Newton angesema Mungu hayuko, ningeacha kuamini? Nikasema ningefikiria.

Akasema mambo ya mwezi aulizwe Newton, hapo hata yeye atamsikiliza. Lakini kwa Mungu, Newton na mama yake Wanjira wako foleni moja, na hakuna anayemshikia mwenzake nafasi. Tena akasema hakutaka jibu zuri. Hata ningesema sijui, lingekuwa jibu langu, na lingemtosha.

Lingemtosha! Macho yake yalikuwa na maji. Nilitaka kumshika mkono. Nilitaka sana. Badala yake nikamuuliza kama amewahi kusikia habari za Galileo.

Jumamosi, 14 Machi

Ameondoka. Aliaga kila mtu kwa mkono, Njagi pia, lakini wangu aliushika zaidi. Nina hakika. Akasema nimwandikie, ila niandike mimi mwenyewe.

Nimepita zahanati mara tatu leo na siumwi popote. Mara ya tatu nesi mpya akanipa dawa ya minyoo. Nimeinywa. Nimemkosa Wanjira hata githeri ya mahindi na maharagwe hainishuki, na mimi si mtu wa kukataa githeri.

Jumapili, 22 Machi

Barua imekamilika! Kazi ya siku nane.

Ilianza vibaya. Usiku wa kwanza sikulala kwa kumfikiria, alfajiri nikaandika bila mpango. Nikamwambia kwamba mama yangu alipokuwa mahututi nilijifungia stoo ya maabara, nikapiga magoti kwenye saruji kati ya chupa, nikaomba. Kwamba sikujua naomba kwa nani. Kwamba mama alipokufa nilimkasirikia huyo niliyemwomba, na bado namkasirikia, na siku nyingine naongea naye nikirudi nyumbani. Kwamba sijamwambia mtu mwingine.

Kulipokucha nikaisoma. Upuuzi mtupu! Mtu mmoja, jaribio moja, shahidi hakuna. Mwanamke wa akili kama Wanjira atafanya nini na kitu kama hicho? Nimeichana, nikawashia jiko.

Mahali pake nimeweka Faraday. Kurasa sita! Bingwa wa umeme, na mzee wa kanisa kabisa. Hapa Njagi hapati doa. Nimebandika stempu mbili. Safari hii Wanjira hana pa kutokea.