Bendera ya Harlow Barazani Kwangu

Jumanne, 25 Juni

Siku mbili kabla ya Harlow. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri na wazo. Wazo zuri. Sijamwambia mtu.

Niandike hali ilivyo, ili siku nikifa wajue Vernon Kubicek alipigana. Sekondari yetu ya Vesely haijaifunga Harlow katika softiboli ya wasichana kwa miaka minne. Mechi tisa. Saba kati ya hizo tumefungwa kwa pointi moja. Mjukuu wangu Tessa ndiye mrushaji wetu, na huu ni mwaka wake wa mwisho. Agosti anakwenda chuo cha uuguzi. Alipoingia timu nilimwahidi, mbele ya bibi yake, kwamba hataondoka hapa bila kuwafunga Harlow hata mara moja. Mimi ndiye mtunza uwanja. Nani mwingine wa kuahidi?

Halafu kuna bendera. Mtunza uwanja wa Harlow ni Delmar, kaka wa mke wangu Arlene. Desturi yetu ni kwamba anayefungwa hutundika bendera ya mwenzake barazani mpaka mechi inayofuata. Ya Harlow, rangi ya chungwa, imekaa kwangu miaka minne. Ndege wamejenga kiota nyuma yake. Arlene, mzaliwa wa Harlow, anasema inaendana na mlango.

Sasa wazo. Harlow wana binti mmoja mdogo, Brynn, anayenitoa roho. Hapigi mpira. Anaugusa tu kwa gongo, mpira unadondoka mbele yake na kulala hapo, na kabla mtu hajauokota yeye keshafika kituo cha kwanza. Unalala kwa sababu udongo wangu pale ni laini. Dawa yake ni kuushindilia. Mpira ukiguswa, utakimbia wenyewe mpaka mkononi mwa Tessa. Rola nimeshaazima.

Alhamisi, 27 Juni

Nilipitisha rola mara arobaini. Maji sikumwaga tone kwa siku mbili. Udongo ukawa mgumu kama sakafu ya benki.

Tumefungwa 3–2.

Ngwe sita mambo yalikwenda nilivyopanga. Brynn aligusa mara mbili, na mara mbili Tessa akauokota mpira na kumtoa kabla hajafika kituo. Nikakohoa kwa sauti ili Delmar asikie. Ngwe ya saba, ya mwisho, 2–2, mtu wao yuko kituo cha tatu anangoja kukimbilia nyumbani, kituo cha mwisho, alete pointi. Brynn hakugusa. Aliupiga mpira chini kwa nguvu zote, kama anayeua mende. Ukagonga udongo wangu, ukaruka juu ya kichwa cha Tessa, ukapotelea kwenye jua. Uliporudi chini wao walikuwa wameshaanza kukumbatiana, na zamu yetu iliyobaki haikuleta kitu.

Kocha Novotny anafundisha hesabu na hana tabia ya kurudia swali. Aliniuliza nimefanya nini pale mbele. Nikasema ni ukame. Akatazama mahindi ng'ambo ya uzio, mabichi, yamefika kifuani. Akaondoka.

Delmar akaja kunipa pole. Eti, shemeji, udongo mzuri huo, ungewawekea watu wacheze tenisi. Nikacheka ili asijue kimenichoma.

Jumapili, 30 Juni

Nimegundua. Kanisani, katikati ya mahubiri.

Tatizo si udongo wangu. Tatizo ni mstari wa Delmar. Uwanja una mstari mweupe wa chokaa kila upande. Mpira ukibingirika nje ya mstari, hauhesabiwi. Ukisimama ndani, au juu ya chokaa yenyewe, unahesabiwa. Na kule kwao Brynn anagusa kila mechi. Lazima Delmar ameinamisha ardhi ili mipira irudi ndani. Haiwezekani mtu awe na bahati miaka minne mfululizo.

Nikamwambia Arlene. Akajibu kwamba inawezekana, kama mtu huyo ana timu nzuri. Damu nzito kuliko maji.

Jumanne tunacheza kwao. Nitafika mapema na pimamaji yangu, ile ndefu ya useremala.

Jumanne, 2 Julai

Nikiandika haya nimetulia. Nimekula vipande viwili vya pai.

Nilifika Harlow saa tisa mchana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama, miaka sitini na nane na magoti yangu haya, nikautambaa mstari mzima wa kituo cha tatu na pimamaji mkononi. Kiputo kikakimbilia upande. Ardhi imeinama! Nusu inchi, kuelekea nje. Nilisimama nikatangaza kwa sauti. Wazazi wao wakaja, kocha wao akaja, Delmar mwenyewe akaja, anajifuta jasho. Nikamwambia, shemeji, leo nimekushika: uwanja wako umepinda, na ushahidi huu hapa.

Delmar akavua kofia. Akainama akatazama kiputo. Kisha akanishika mkono akanishukuru. Eti tangu Mei anajiuliza kwa nini miguso ya Brynn hapa nyumbani inabingirika nje na kupotea bure, na kumbe ndiyo hii. Akaleta reki, akaleta mifuko miwili ya udongo, na katika nusu saa mstari ulikuwa umenyooka kama meza. Aliniomba nishike ncha ya pili ya kamba. Nikashika. Mtu akikuomba kwa adabu ushike kamba, utafanyaje?

Ngwe ya saba, 4–4. Brynn akagusa. Mpira ukabingirika taratibu kufuata mstari, na wasichana wetu wakauacha, wakingoja utoke nje kama kawaida yake. Haukutoka. Ulisimama ndani, upana wa kidole kutoka kwenye chokaa. Mtu wao wa kituo cha tatu akaingia nyumbani anatembea.

5–4. Tessa alisimama juu ya ule mpira kwa muda, mikono kiunoni. Akautazama mpira. Akautazama mstari. Akanitazama mimi. Nilijifanya natafuta miwani.

Alhamisi, 4 Julai

Gwaride la sikukuu ya uhuru. Delmar alipita na trekta lake lina bendera tatu: ya taifa na mbili za chungwa. Anawarushia watoto pipi. Mimi alinirushia moja, ikanipata kwenye paji la uso. Pipi ya chungwa.

Nikaila. Si pipi mbaya.

Jumamosi, 6 Julai

Arlene analalamika bega. Eti ni kupalilia. Nimetazama bustani: magugu yamefika magotini. Nadhani ni uzee, lakini kumwambia sithubutu.

Tessa anarudi kutoka kazini, kukata maua ya mahindi na wenzake kwenye mashamba ya mbegu, mikono imejaa mikwaruzo, na badala ya kulala anakwenda nyuma ya ghala kila jioni. Nilitaka kumfuata nimpe mawaidha. Arlene akaniambia nikae chini, kuna kolachi, vile vimkate vitamu vya plamu, zimetoka sasa hivi kwenye oveni. Zilikuwa za moto, nikakaa.

Jumatatu, 8 Julai

Fainali ya kanda ni Jumatano, saa moja jioni. Vesely na Harlow. Kwetu! Mshindi anakwenda mashindano ya jimbo. Anayefungwa, msimu umekwisha; na kwa Tessa, softiboli imekwisha kabisa.

Alikuja jikoni, akakaa kitako juu ya meza kama alipokuwa mdogo. Akasema, babu, nakuomba kitu kimoja, Jumatano usifanye kitu. Nikamwambia sitagusa mstari wala udongo wa mbele. Akasema hapana, babu, nimesema kitu chochote. Nikamkumbusha ahadi yangu. Akanibusu kichwani akasema ahadi hiyo amenisamehe tangu mwaka juzi.

Iliniuma kidogo. Mimi sijajisamehe.

Kwa hiyo nimefikiri upya. Kugusa, Brynn atagusa. Lakini baada ya kugusa ni lazima akimbie. Na akikimbia kwenye udongo wenye unyevunyevu, je?

Jumatano, 10 Julai, asubuhi

Unyevunyevu tu ndio niliotaka. Nilifungua maji saa kumi na mbili kwenye njia ya kituo cha kwanza, nikasema dakika kumi. Nikakaa kwenye gari nisikilize bei ya mahindi redioni. Kiti cha gari langu ni kizuri sana.

Niliamshwa saa mbili na nusu na Kocha Novotny akigonga dirisha. Nyuma yake kulikuwa na bata wawili kwenye kituo cha kwanza.

Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Alinieleza kwamba mwamuzi atakuja kukagua saa kumi, na uwanja ukiwa hivi fainali itahamishiwa Harlow. Akanyoosha kiganja. Nikampa ufunguo wa bohari, na wa bomba, na wa choo pia ingawa hakuutaja. Kisha akapiga simu. Nikasikia akisema, Delmar, samahani sana.

Arlene aliposikia alisema neno moja tu: mchimba kisima. Hakumalizia.

Jumatano, 10 Julai, jioni

Niandike haraka kabla sijasahau hata kimoja.

Delmar alikuja na gari lake limejaa udongo mkavu, wa uwanjani kwake, wa Harlow. Angeweza kukataa. Angekaa barazani kwake akangoja mechi imfuate. Badala yake alifukuza bata, akachota maji kwa ndoo, akamwaga udongo, akasawazisha, akapaka chokaa upya. Saa sita nzima kwenye jua. Mimi niliwekwa nyuma ya uzio na Arlene, kwenye kiti cha kukunja, kama mtoto aliyevunja sahani. Kufika alasiri Delmar akaja kwenye uzio. Eti, shemeji, niazime pimamaji yako. Nikampitishia kwa chini. Akaupima mstari wa kituo cha tatu kipande kwa kipande, huku mimi mwenye mstari nimekaa nyuma ya uzio.

Sijui kwa nini alifanya hivyo. Nilimuuliza baadaye. Alisema Tessa ni mjukuu wa dada yake pia, na kufunga timu kwenye matope si kufunga.

Mechi sasa. Tessa alirusha kama mtu mwenye deni na dunia. Brynn alitolewa mara tatu. Lakini na wao walikuwa wanatutoa. Ngwe ya saba, 1–1, zamu yetu ya mwisho. Mtu wetu yuko kituo cha tatu, wawili wetu wameshatolewa, na wa tatu akitolewa zamu imekwisha. Tessa anakuja na gongo.

Tessa hupiga mbali. Kaunti nzima inajua. Harlow wote wakarudi nyuma hadi karibu na mahindi.

Mrushaji akarusha. Tessa akashusha gongo, akaugusa mpira.

Mjukuu wangu, akaugusa! Kama Brynn! Nilisimama kiti kikang'ang'ania suruali. Mpira ukabingirika kufuata mstari wa kituo cha tatu, polepole, na Harlow waliokuja mbio wakasimama juu yake, mikono juu, wanangoja utoke nje. Mtu wetu alishapita nyumbani, Tessa alishapita kituo cha kwanza. Mpira ukabingirika, ukachoka, ukasimama. Juu ya chokaa. Mwamuzi akapiga magoti, akatazama, akanyoosha mkono kuelekea ndani.

2–1.

Nililia. Niandike tu, nililia, na Delmar alinishika bega kwa juu ya uzio na yeye macho yake hayakuwa makavu. Tessa alikuja ana vumbi mpaka kwenye nyusi, akaniambia, babu, ahadi imetimia. Kisha akamkumbatia Arlene kwenye lile bega bovu, na Arlene akaguna.

Alhamisi, 11 Julai

Yametoka yote mezani, wakati wa chai. Siku ile Harlow, Tessa aliposimama juu ya mpira, alijiambia kwamba mstari ukinyooka, mpira unakaa. Na kwamba hakuna atakayetegemea aguse yeye. Tangu siku hiyo bibi yake amekuwa akimrushia mipira nyuma ya ghala, mipira mia kila jioni. Hiyo ndiyo palizi. Nikauliza kwa nini sikuambiwa. Wakatazamana. Tessa akasema kwa upole sana, babu, ungesaidia.

Nimelitafakari jambo hili kwa kina, peke yangu, na haki itendeke. Mstari wa Harlow aliunyoosha nani? Nani alishika kamba? Udongo mzuri wa Delmar ungefikaje hapa kama mimi nisingemwaga maji? Na pimamaji ni ya nani? Ukihesabu vizuri, ni mpango mmoja tu, wangu, wa hatua tatu. Nilimweleza Kocha Novotny hesabu hiyo. Akasema angeniwekea sifuri, lakini alikuwa anatabasamu.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya kanisa tulikwenda Harlow kwa chakula. Bendera yetu ya buluu iko barazani kwa Delmar. Inapendeza, ila mlingoti wake umeinama kidogo kushoto. Nilimwonyesha kwa pimamaji. Akasema, shemeji, kula.

Jumanne ni mashindano ya jimbo. Uwanja wa huko una watunzaji wake, kumi na mmoja, wana sare. Kocha Novotny amenikataza kupita geti la uwanja. Tessa ameniomba nije na kiti changu tu, kiti peke yake, na nimwahidi.

Nimeahidi kwa moyo mweupe. Nimeshakikunja na kukitia kwenye mfuko wake. Ni mfuko mrefu, huu. Pimamaji imeingia vizuri pembeni, hata haionekani.