Rufaa ya Mtu Aliyenyang'anywa Filimbi kwa Kuzidisha Adabu

Bogotá, Alhamisi, baada ya mvua ya kwanza ya leo na kabla ya ile ya pili.

Kwa Doña Nubia Chaparro,
Mwenyekiti, Msafara wa Baiskeli wa Watoto wa Shule,
Hapa hapa mtaani.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: KUVULIWA FILIMBI NA KIZIBAO CHA MANJANO

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti la kushoto limeanza kukunjika. Mimi sijambo, ila moyo ndio una jambo.

Naitwa Hermógenes Tibaquirá, kama unavyojua, maana tumekaa ukuta kwa ukuta miaka kumi na minane. Nina umri wa miaka sitini na tisa, mgane, dereva mstaafu wa basi. Nakata rufaa dhidi ya kikao cha Jumamosi kilichoniondoa uongozi wa msafara wetu wa asubuhi. Kikao kilisema rufaa ifike mkononi mwako kabla ya saa kumi alasiri siku ya Ijumaa, la sivyo filimbi anakabidhiwa don Fidel Rozo. Don Fidel ni mtu mwema, sina neno naye. Anaendesha baiskeli kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Kinachoniuma unakijua. Katika watoto kumi na wanne wa msafara, wa tatu kutoka mbele ni Anyela, mjukuu wangu wa miaka tisa. Mama yake hutoka kwenda kazini saa kumi na nusu alfajiri, kwa hiyo toka mlangoni kwetu hadi geti la shule mtoto yule ana mimi tu. Na kanuni zenu zinasema mtu mzima asiye na jukumu haruhusiwi kuambatana na msafara. Maana yake kuanzia Jumatatu nitamfungia Anyela kofia yake ngumu, kisha nibaki mlangoni na kikombe cha kahawa nikimtazama anavyoishia kwenye kona. Hilo siliwezi, nakwambia waziwazi.

Kabla sijalalamika, acha niungame. Nimeendesha basi miaka thelathini na moja, enzi zile dereva analipwa kwa idadi ya vichwa alivyobeba, tukawa tunawania abiria kama kuku wanavyowania punje. Waendesha baiskeli niliwaita kunguni wa lami. Niliwachomekea, niliwapigia honi sikioni, na wapo niliowapeleka mtaroni. Mmoja alikuwa amebeba trei ya mayai. Nilimwona kwenye kioo akianguka, nikakanyaga mafuta. Mpaka leo nikikaangiwa yai namkumbuka.

Nilipostaafu, daktari aliniambia nichague kati ya baiskeli na sindano za sukari. Siku ya kwanza tu barabarani, basi likanipita kwa karibu hata kioo chake kikanipangusa bega. Nikalifyatulia matusi ambayo nilikuwa nimeyatunga mwenyewe ujanani. Dereva akatoa kichwa dirishani, anacheka: "Heshima yako, mwalimu! Hilo la tatu ulinifundisha wewe!" Kumbe ni kijana niliyemfunza kazi. Nikashuka, nikakaa kwenye ukingo wa njia, nikaapa kwamba kuanzia siku hiyo sitampita kiumbe yeyote kabla sijamwomba radhi. Kiapo hicho ndicho kikao chenu kinakiita "utovu wa nidhamu barabarani".

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nashtakiwa kuchelewesha msafara njia panda. Kanuni zenu, ukurasa wa pili, zinasema "mpishe mwenzako". Hazisemi mara ngapi. Sisi watu wa jiji hili tumelelewa hivyo: mlangoni hapiti mtu mpaka amekataa kupita walau mara tatu. Marehemu baba yangu aliachwa na treni akiwa amesimama mlangoni mwa behewa, anamkaribisha mwenzake. Basi Jumanne ile nikakutana na mama mmoja mwenye baiskeli ya kikapu. Nikamwambia, "Pita, mama." Akasema, "Hata! Pita wewe, don, una watoto." "Ndiyo maana upite wewe, mama, watoto wajifunze." "Wajifunze kwa kumpisha mkubwa. Pita." "Mkubwa yupi, mama, na wewe msichana?" Hapo nakiri niliongeza sukari. Taa ikawa kijani mara sita. Nyuma yetu kijana mmoja mpeleka vyakula akapaza sauti, "Oaneni basi, mtupishe, supu inapoa!" Naomba kikao kinijibu: kati yetu watatu, aliyekosa adabu ni nani?

2. Kengele. Mnasema ipigwe mara moja. Mara moja ni amri, si ombi. Mimi ya kwanza nasema "nakuja", ya pili "samahani", ya tatu "ahsante", na ya nne namtakia mtu siku njema. Kama watu hawaielewi ya nne, wafundishwe.

3. Goti lako. Pole sana, kwa mara ya tisa. Ni kweli nilifunga breki ghafla ukiwa nyuma yangu. Ni kweli pia kwamba aliyekuwa anavuka ni njiwa. Lakini alikuwa kwenye kivuko, Mwenyekiti, juu ya mistari myeupe kabisa, tena kwa miguu, ilhali mabawa anayo. Ndege anayejali sheria kiasi hicho ningempitaje?

4. Kofia. Nililelewa kwamba mwanamke hasalimiwi na mtu aliyejifunika kichwa. Kofia yenu ngumu ina kifungo cha kidevuni kinachotaka mikono miwili. Kwa hiyo nikimwona mwanamke nauachia usukani. Wanawake wa mtaa wetu ni wengi, na hilo si kosa langu. Kuhusu toroli la machungwa nililoligonga, mwenyewe alinisamehe palepale, na watoto wakapata somo la hesabu wakiyaokota.

5. Mkate. Hili ndilo lililonivua filimbi, kwa hiyo nalieleza kwa utulivu. Saa kumi na mbili na dakika kumi doña Rosalba husimama mlangoni mwa duka lake la mikate, upande wa kushoto wa barabara, na sinia la almojábana za moto, ile mikate yetu midogo ya jibini. Jibini lake linanukia mpaka taa ya pili. Mtu kama huyo hasalimiwi kwa vidole viwili. Nilinyoosha mkono wote wa kushoto, kiganja wazi. Watoto, ambao mimi mwenyewe niliwafundisha kwamba mkono wa kiongozi hauulizwi swali, wakakata kushoto wote kumi na wanne, mstari mmoja mnyoofu, wakaingia dukani na baiskeli zao. Lori la mitungi ya gesi lililokuwa linakuja liliwapisha, jambo linaloonyesha kwamba adabu yangu imeanza kuambukiza. Almojábana arobaini ziliteketea. Mimi wakati huo nilikuwa nimenyoosha mbele, mitaa mitatu zaidi, napuliza filimbi kwa ari, mpaka bibi mmoja mfagiaji akaniuliza, "Mzee wangu, hao unaowaongoza, unawaona peke yako?"

Kikao kinasema hiyo ni hatari. Mimi naona ni ushahidi wa mafunzo. Don Fidel akinyoosha mkono leo, nani atamfuata?

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu: kwanza, filimbi yangu irudi. Pili, ofisi ya jiji inayohusika na taa za barabarani iombwe kuzifundisha zisubiri salamu ziishe. Tatu, kama taa hazifundishiki, shule ianze saa tatu. Nne, kama mwalimu mkuu atakataa, basi taa zote ziondolewe na jiji zima liendeshwe kwa "pita wewe". Nimepiga hesabu. Mtu akitoka kusini mwa jiji Jumatatu asubuhi atafika kaskazini Jumatano mchana, lakini atakuwa ameheshimiwa njia nzima, na hakuna atakayekuwa ameanguka na mayai.

Nisalimie mumeo na wanao. Nisalimie wajumbe wote wa kikao, hata wale walionyoosha mikono dhidi yangu, ambao naona kunyoosha mikono kwao hakukuwapeleka dukani. Msalimie don Fidel, umwambie manjano hayampendezi. Ukimwona yule mama wa kikapu, mwambie nilimaanisha.

Ni mimi jirani yako mtiifu, niliyesimama kukupisha,

Hermógenes Tibaquirá

Tanbihi: Haya nayaongeza leo Ijumaa jioni kwa kalamu ya Anyela, ndiyo maana wino ni wa zambarau.

Nilitoka kukuletea barua saa tisa na dakika ishirini, Anyela akinifuata na baiskeli yake. Tulipofika njia panda ya mwisho, mlango wa ofisi yako nauona kwa macho, upande wa pili akasimama mzee wa rika langu, amevaa poncho, juu ya baiskeli kuukuu kama yangu. "Pita, don," nikamwambia. "Haiwezekani, pita wewe." "Mimi sina haraka." "Wala mimi, namshukuru Mungu." Tulifika mahali pa kuulizana vijiji walikozaliwa mama zetu. Watu wakarundikana pande zote nne. Anyela akanivuta sweta: "Babu, bado dakika tano." Nikamwambia, "Vumilia mama, namalizia."

Mtoto hakuvumilia. Akatazama nyuma juu ya bega, akapiga kengele mara moja, akanyoosha mkono wa kushoto, akapita. Basi lililokuwa linakuja likapunguza mwendo, likamngoja. Hakumwomba radhi mtu yeyote, na hakuna aliyekasirika, kwa sababu kila mtu pale alijua anakwenda wapi. Sisi wazee wawili tulibaki tunatazamana. Nilipofika mlangoni mwa ofisi yako ilikuwa saa kumi na robo, na kufuli limeshaning'inia.

Tuliporudi nyumbani nilimsomea Anyela barua hii nzima nikitegemea acheke. Alicheka kwenye njiwa. Nilipofika kwenye lori akaniambia, "Babu, lile halikutupisha. Lilisimama hapa." Akanionyesha kwa viganja vyake viwili, na kati ya viganja hivyo usingeweza kupitisha mkate. Kiganja kimoja kilikuwa lori, kingine gurudumu la baiskeli yake. Mimi sikuona, Nubia. Nilikuwa mbele, napuliza filimbi. Mara ya yule mtu wa mayai nilitazama kioo walau. Safari hii sikugeuka kabisa, na aliyekuwa nyuma yangu ni mjukuu wangu. Nimelia, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Basi yote ya juu yafute, isipokuwa salamu. Filimbi apewe don Fidel, na manjano yatampendeza tu. Mimi naomba ule mkia wa msafara, ambao najua haujapata mtu kwa sababu wa mwisho huogeshwa matope na wote. Nikiwa huko nitakuwa nawaona wote kumi na wanne. Mikono yangu yote miwili itakaa kwenye usukani, na doña Rosalba nitamsalimia kwa kichwa, kofia ikiwa imefungwa.

Barua naisukuma chini ya mlango wa nyumba yako. Jumatatu saa kumi na mbili kasorobo nitakuwa nimesimama kwenye kona. Na tukifika njia panda mkanisikia huko nyuma nikianza kumwambia mtu "pita wewe", msigeuke. Piteni.