Tiba ya Usingizi pale Tulia Gesti

Mwaka wa themanini na tatu, msako wa walanguzi na wahujumu uchumi ulipopamba moto, usingizi uliadimika Shinyanga kuliko sukari. Sukari angalau ilikuwa na kibali na foleni. Usingizi haukuwa na foleni wala mjumbe wa kumlalamikia. Mtu mwenye madebe matatu ya mafuta ya kula chini ya kitanda alikesha akiyasikiliza, kana kwamba mafuta yangeweza kwenda kujitaja yenyewe.

Ndipo Selestine alipoingia dukani kwa Fazal kuulizia wembe. Wembe haukuwapo, na hilo halikumshangaza mtu. Kilichomshangaza ni kwamba mlango wa Land Rover ulibamizwa huko nje, na mwenye duka akatoweka. Akaibuka baada ya muda kutoka chini ya kaunta, midomo imepauka, akieleza kwamba alikuwa anatafuta kalamu. Kalamu ilikuwa sikioni mwake.

Mtu mwingine angemwonea huruma. Selestine naye alimwonea huruma, ila huruma yake siku zote ilikuwa na vidole kumi. Akaegemea kaunta, akashusha sauti, akauliza polepole, "Ndugu Fazal, siku ngapi hujalala?"

"Kumi na moja," akasema Fazal, kisha akashangaa kwamba amesema.

Selestine alikuwa mtu wa Biharamulo, mwenye umri wa miaka arobaini na kazi zisizopungua hizo. Aliwahi kuwauzia wakulima wa tumbaku mbolea iliyokuwa majivu. Kule Geita aliwauzia wachimbaji dawa ya kuotesha ndoto zinazoonyesha mwamba wa dhahabu ulipo. Wakaota, wakachimba, wakaja kumtafuta. Geita aliondoka kwa miguu, tena kwa mwendo ambao baiskeli ingeuonea wivu. Lakini Mungu hamnyimi mja wake kila kitu, naye alikuwa amejaliwa sauti. Ilikuwa sauti nzito, ya pole, inayomwingia mtu sikioni kama samli ya vuguvugu. Ujanani alikuwa mfagiaji katika hospitali moja ya misheni, ambako daktari mmoja mgeni alikuwa akiwatuliza wagonjwa wa hofu kwa kuwalaza kwa maneno. Selestine ndiye aliyefunga mapazia. Alikariri kila neno la yule daktari, na kila ishara ya mkono. Jambo pekee ambalo hakulishika ni kwamba lengo lilikuwa mgonjwa apone.

Kufikia Jumatatu alikuwa amepanga vyumba viwili katika nyumba ya wageni iitwayo Tulia Gesti, karibu na stesheni. Jina la nyumba lilimfaa kana kwamba alilichonga mwenyewe. Ukutani alitundika cheti chenye muhuri mwekundu, kilichoandikwa kwa Kidenishi. Kilithibitisha kwamba mwenye nacho amehitimu ufugaji wa kuku, lakini kwa kuwa Shinyanga nzima hapakuwa na mtu wa kukisoma, kilitosha kumfanya Profesa.

Mgonjwa alivua viatu, akaketi kwenye kiti cha kulalia, akaelekeza macho kwenye msumari mmoja ukutani. Profesa akamwambia avute pumzi kwa pua na kuitoa kwa kinywa. Akamhesabia kurudi nyuma kutoka ishirini. Akamwambia kope zake ni nzito, mabega yake yanashuka, na yuko mahali patulivu anapopapenda. Kisha akampa maneno ya kuchukua nyumbani, ayaseme kila asubuhi mbele ya kioo: mimi ni mtu mzima, mwili huu ni wangu, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kunitetemesha.

Jambo la kusikitisha, kwa mtu wa kazi ya Selestine, ni kwamba tiba ilikuwa ya kweli. Fazal alikoroma kabla hesabu haijafika sita. Alipoamka alilia kwa furaha, akaenda kuwaambia wenzake. Wiki ya pili, benchi la uani lilijaa watu wazito wa mji, kila mmoja akidai amemsindikiza mwenzake.

Hapo ndipo Profesa alipoanza kuwafundisha hatua ya pili. Aliwaeleza, mmoja mmoja na kwa uchungu mkubwa, kwamba kuulaza mwili ni nusu ya kazi, maana kile kitu kinachowakosesha usingizi bado kiko nyumbani kinawasubiri. Lazima moyo uachishwe kitu hicho kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Wakilete, kimefungwa kwenye kitambaa, wala yeye hataki kujua ni nini. Kitakaa ndani ya sanduku lake la chuma siku arobaini. Mgonjwa akikirudia, moyo utakuwa umepoa. Akikidai kabla, ugonjwa utarudi mara mbili.

Wakaleta. Mtu aliyekuwa hajalala siku kumi na moja yuko tayari kukuletea hata mama mkwe wake. Fazal alileta bangili sita za dhahabu, akihofia ataulizwa zilikotoka. Jilala, mfanyabiashara wa mawe ya almasi kutoka Maganzo, jitu la mabega mapana ambalo watu walilipisha njia hata sokoni, alileta kikopo cha mafuta ya kujipaka ambacho ndani hakikuwa na mafuta. Wengine walileta vifurushi vyao. Uzuri wa mpango ule, na Selestine aliusifu mwenyewe mbele ya kioo, ni kwamba hakuna hata mmoja ambaye angeweza kwenda polisi. Angeenda kusema ameibiwa nini?

Mpango ulikuwa na kasoro moja. Kuta za Tulia Gesti zilikuwa za mbao nyembamba, na upande wa pili wa ukuta alikuwapo Euphrasia.

Euphrasia, au Mama Mageni kama wengi walivyomwita, alikuwa mjane aliyefua mashuka ya gesti, akayapiga pasi na kuchemsha chai. Alikuwa mwanamke wa kuomba radhi. Ukimkanyaga, aliomba radhi kwa kuweka mguu mahali pako. Mumewe alipofariki, shemeji yake Gregory alikalia nyumba yao kule Ibadakuli, akabaki na shamba, akabaki hata na Mageni, binti wa miaka kumi na mitano, ambaye alikuwa anamtafutia mume mwenye ng'ombe wengi. Euphrasia alilia akarudi mjini kupiga pasi.

Sasa kwa wiki tatu mfululizo, pasi ya mkaa mkononi, alisikia ile sauti ikipenya mbao mara nane kwa siku. Pumzi yake ikaanza kwenda na hesabu bila yeye kujua. Mabega yakashuka. Wale matajiri walisikia maneno mara moja na kulipa. Yeye aliyasikia zaidi ya mara mia, tena bure, na tena akiwa macho. Mwanamke aliyekuwa hajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba mwili wake ni wake, sasa aliambiwa kutwa nzima.

Jumapili moja alipanda baiskeli ya kukodi mpaka Ibadakuli. Gregory alimpokea kwa makelele kama kawaida, akasubiri aanze kulia kama kawaida. Euphrasia alimtazama puani, maana pua ilikuwa na kovu dogo linalofanana na msumari, akavuta pumzi, akamwachia apige kelele mpaka zikamwishia. Kisha akamwambia binti yake afunge nguo zake. Gregory alibaki mlangoni akiwa amepanua kinywa. Kwa miaka minne alikuwa akitawala kwa makelele, na sasa hakuwa na kitu kingine cha akiba.

Siku mbili baadaye alifika gesti Bi Dolatkhanu, mke wa Fazal. Alikuwa amefungua kabati, akakuta bangili hazipo, na mumewe akamweleza kwa uso mkunjufu wa mtu aliyelala vizuri kwamba ameziacha hospitali. Zilikuwa bangili za mama yake, alizovalishwa siku ya arusi. Profesa alimsikiliza kwa heshima zote, akamwonya kwamba akimharakisha mgonjwa anaweza kumrudishia hofu hata ikamuua. Je, bangili ndizo zenye thamani, au mume? Mama wa watu aliinuka. Alikwenda kuketi uani, akalia kwenye ncha ya mtandio wake bila sauti. Euphrasia alimletea chai, akaketi naye mpaka akaimaliza. Hakumwahidi kitu.

Ijumaa, alipokuwa anapiga pasi suruali ya Profesa, alikuta mfukoni tikiti ya basi la Tabora, la Jumamosi saa mbili asubuhi. Jumamosi ile ingekuwa siku ya ishirini na tatu tangu kifurushi cha kwanza kiingie sandukuni. Euphrasia hakuwa amesoma sana, lakini tofauti ya ishirini na tatu na arobaini aliijua.

Asubuhi yake alimkuta Selestine amevaa viatu, begi liko begani, anakaza kamba kwenye lile sanduku. Macho yake yalikuwa mekundu. Tangu sanduku lianze kujaa, daktari wa usingizi alikuwa hajalala hata lepe moja. Kila panya aliyepita darini alimwinua. Euphrasia aliingia, akafunga mlango, akasimama mbele yake akiwa na shati lililonyooshwa mkononi.

"Shikamoo, Profesa. Naomba ufunguo wa sanduku."

Selestine alicheka, kisha akamtisha. Alimwambia atamsingizia wizi, atafukuzwa kazi, ataozea rumande, na nani atamwamini mfua mashuka? Maneno hayo wiki tatu nyuma yangemfanya aombe radhi na kumbebea mzigo mpaka stendi. Sasa yalipita kama mvua inavyopita juu ya bati. Vitisho viliposhindwa, Selestine akaigeukia sauti. Akaishusha, akaipaka asali, akamwambia kope zake ni nzito.

"Kope zako wewe ndizo nzito," akasema Euphrasia, kwa sauti ya chini kuliko yake. "Hujalala wiki tatu, nasikia unavyogeuka. Kaa kitandani. Vuta pumzi. Mimi nimekuja kukuambia kitu kimoja tu. Mzee Jilala yuko uani. Nimempa uji, sijamwambia lolote bado. Anauliza Profesa anaamka saa ngapi."

Selestine aliketi. Huko uani mwanaume alikohoa kikohozi kizito, akakohoa tena, akatema mate kwa nguvu.

"Ukitaka kuhakikisha, chungulia," akaendelea Euphrasia, akisogea kidogo pembeni ya mlango. "Lakini ukimwona, na yeye atakuona, na begi hilo begani. Uji wenyewe amebakiza nusu bakuli. Dirisha lile linatokea barabarani. Vuta pumzi, itoe. Hivyo hivyo. Sasa weka ufunguo hapa mkononi."

Ufunguo ulikuwa wa moto kwa jasho. Profesa wa tiba ya hofu alitoka kwa dirisha, akatanguliza begi, akaacha kiatu kimoja, akakirudia, akakimbilia stendi. Kondakta wa basi lile alisimulia baadaye kwamba abiria mmoja alilala toka Tinde mpaka Nzega mdomo wazi, akiegemea gunia la karanga, wakamwamsha kwa kumtikisa.

Mle uani, bwana mmoja mnunuzi wa tumbaku kutoka Ushetu, mwenye kifua kibovu, alikuwa akinawa uso. Aliomba aongezewe maji ya moto. Jilala alikuwa kwake Maganzo, hana habari na uji wa mtu.

Euphrasia alianza na Bi Dolatkhanu. Alimpelekea bangili nyumbani kwa mlango wa nyuma, zimefungwa katika foronya. Mama yule alizihesabu kwa kuzivaa, akamshika mikono yote miwili na hakuiachia haraka. Wenye vifurushi vingine aliwafuata kimya kimya, mmoja baada ya mwingine. Wawili walipokea. Watatu walitazama huku na huku, wakajua huo ni mtego wa msako, wakakana kwa kiapo kwamba hawajawahi kumiliki kitu chochote katika maisha yao, kitambaa kile hawakijui, na gesti hiyo hawajawahi kuiona. Euphrasia aliwarudia mara ya pili, kwa uaminifu, ili awape nafasi ya kuapa tena. Wakaapa. Ikabidi aheshimu kiapo cha watu.

Jilala alirudishiwa kikopo chake Jumanne. Alikifungua, akahesabu, akakifunga, akasema kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," yaani asante mama, akaondoka kwa furaha. Jumatatu iliyofuata alirudi Tulia Gesti macho yamevimba. Alieleza kwamba tangu kikopo kirudi hajafumba jicho. Amekifukia jikoni, akakifukua. Amekificha kwenye mzinga wa nyuki, akaumwa. Profesa yuko wapi?

Euphrasia alimwambia Profesa amesafiri.

Jilala alikigeuzageuza kile kikopo katika viganja vyake vipana. Halafu akauliza, kwa haya kama mtoto aliyetumwa chumvi jirani, kama kuna mtu mwingine aliyeyashika yale maneno.

Euphrasia aliweka pasi chini. Uani Mageni alikuwa anaanika mashuka, akiimba.

"Vua viatu, baba," akasema. "Kikopo kiweke hapo mezani. Safari hii hatutaki haraka. Safari hii ni siku mia nne."

Jilala alihesabu kwa vidole, akafika mahali vidole vikamwishia, akavua viatu. Alilala mpaka alasiri, kichwa kimeangukia kifuani na miguu imeziba mlango, na safari hii hakuna aliyempisha njia, maana ilibidi wamruke.