Hali ya Bahari Kutoka Chimala

Jumamosi, 2 Agosti

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya kukata masikio. Vumbi la Usangu mpaka kwenye mto wa kulalia. Nikajifunika blanketi kichwani, nikawasha simu, nikawatangazia watu arobaini na mmoja hali ya bahari.

Nimeandika hivi: Ghuba ya Namkowe leo, upepo wa kusi wa wastani, mawimbi madogo. Vueni maji yakianza kujaa, ndipo samaki husogea kula. Chambo ni ngisi au dagaa wabichi. Tegemeeni changu na tasi, na kolekole kwa mwenye bahati. Wenu, Kapteni.

Niweke wazi humu, maana daftari hili halisomwi na mtu. Namkowe sijawahi kufika. Bahari nimeiona mara moja, nikiwa darasa la sita, kupitia dirisha la basi, tena nilikuwa nimekaa upande wa pili. Naishi Chimala, mwendo wa siku mbili kutoka huko. Miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa mashine ya kukoboa mpunga Rujewa, mpaka mwenye mashine alipomleta mkwe wake akalie kiti changu. Tangu hapo niko nyumbani.

Huko Namkowe yuko mdogo wangu Devota, mwalimu wa sekondari. Yeye na watumishi wenzake, wote wa kuja, wote wa bara, wana kundi la watsapu la kuvua kwa mshipi siku za mapumziko. Devota alitaka kumwingiza Zabron, mwalimu wa hesabu. Akakosea, akaniingiza mimi Zabron, kaka yake. Nilikuwa natoka zangu. Kisha mtu akauliza maji ya kesho yakoje. Kimya. Nikachungulia kwenye programu moja ya simu, nikamjibu. Akaandika: asante sana, Kapteni.

Tangu Rujewa hakuna mtu aliyeniambia asante sana. Nikabaki.

Devota amenipigia mara mbili kuniomba nijitoe kimya kimya. Nimemwambia mimi natoa huduma. Anaona haya kuwaambia wenzake kwamba Kapteni ni kaka yake wa Chimala. Vizuri. Haya yake ndiyo ngao yangu.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya ibada nimepita sokoni kwa jirani yangu Anania, muuza kambare. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, samaki wanapenda chambo gani. Akataka kujua samaki wa wapi. Nikasema wa popote. Akacheka, akawasimulia wateja jinsi alivyonivua kwenye mfereji wa mpunga Rujewa, maji yakiwa ya kiunoni, huku nikipiga kelele. Hakuacha hata neno moja.

Hayo yalikuwa maji ya kasi. Hilo hakulisema.

Nikarudi nyumbani na hasira zangu, nikawatumia kundi chambo cha siri: donge la ugali wa dona lililokandwa na mafuta ya dagaa. Nimelibuni njiani, kati ya soko na mlango wangu. Jioni Liberatus, karani wa mahakama huko, akatuma picha. Changu mkubwa kama mkono wa mtu mzima. Kwa ugali!

Nikampelekea Anania aione. Aliitazama sana, akasema huyo samaki alikuwa kipofu. Wivu haufichiki.

Jumatatu, 4 Agosti

Pigo. Programu imenifungia. Inataka nilipie kwa kadi ya benki, nami kadi ninayo moja tu, ya kliniki ya macho. Jambo la mwisho ililonipa ni hili: leo maji yamekupwa, yaani yamefika mwisho wa kurudi nyuma, saa kumi na mbili asubuhi.

Mke wangu Regina, anayeuza mchele kando ya barabara kuu, amesema hiyo ni ishara niache. Nimemwambia kapteni haachi usukani kwa sababu ya kadi. Miaka kumi na tisa nimepiga hesabu za magunia bila mashine. Bahari ni gunia moja tu, kubwa.

Hesabu yenyewe nyepesi. Mtu mmoja aliwahi kuandika kundini kwamba maji huchelewa dakika hamsini. Na bahari hupwa mara mbili kwa siku. Hamsini mara mbili ni mia. Basi kila siku naongeza dakika mia moja. Nani anahitaji programu?

Jumanne, 5 Agosti

Nimetangaza kupwa saa mbili kasoro dakika ishirini. Anjela, muuguzi, alikuwa na zamu ya mchana, akaenda kuvua asubuhi. Ameandika kwa adabu kwamba alipofika maji yalikuwa yameshaanza kurudi. Nikamjibu kuwa upepo wa kusi huyasukuma maji. Akaniambia asante, hakulijua hilo.

Na mimi sikulijua. Ndiyo faida ya kufundisha.

Jumatano, 6 Agosti

Habari kubwa. Ijumaa ni Nane Nane, sikukuu, na kundi linakwenda Fungu Popo. Nimeambiwa ni kisiwa cha mchanga katikati ya ghuba, kinachotokea maji yakipwa. Unavuka mkondo kwa miguu, unavua kolekole, unarudi kabla maji hayajajaa. Wote wanamngoja Kapteni awape saa.

Devota amenipigia. Mara hii hakuniomba nijitoe. Ameuliza kama nina uhakika, maana wanawake wa pale wanaovua pweza wamemwambia wao wiki hii wanakwenda mapema sana, na mchana wameshatoka. Nikamwambia hao wanawahi kwa sababu wana kazi ya kupika. Nikamweleza hesabu yangu yote, dakika kwa dakika, kwa sauti ile niliyokuwa namfundishia kujumlisha alipokuwa darasa la pili.

Kisha akasema, "Haya, kaka. Nakuamini."

Nimekula chakula cha leo kwa hamu sana.

Alhamisi, 7 Agosti

Kundi limeomba picha ya Kapteni. Nikaazima kofia ya bendi ya shule, ile yenye ukingo mweusi, nikasimama kwenye bwawa la kunyweshea mifugo njia ya Rujewa, maji nyuma yangu, kifua mbele. Mpiga picha pekee aliyepatikana ni Anania. Alipiga moja tu, akasema inatosha.

Nimeituma bila kuikagua. Kuna ng'ombe wanne nyuma yangu, mmoja anachungulia begani kwangu. Liberatus akauliza kama pwani kuna ng'ombe. Nikajibu kuwa kwetu ng'ombe huogeshwa maji ya chumvi, ni dawa ya kupe. Watu watatu wakaomba maelezo zaidi.

Anania amesema Ijumaa atakuja kukaa kwangu aone ukapteni unavyofanya kazi. Aje. Atajifunza.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika haya jioni.

Asubuhi nilitangaza: maji kupwa saa saba kasoro dakika ishirini. Ingieni fungu saa nne na nusu, mtakuwa na saa mbili nzima za maji kutoka. Saa tano wakatuma picha. Watu kumi na mmoja juu ya mchanga mweupe, ndoo, mishipi, Devota na kofia ya njano, anacheka. Nikamwonyesha Anania. Akairudisha simu, akaomba chai.

Saa sita Anjela akaandika kwamba mkondo waliouvuka umepanuka. Nikamjibu watulie. Akaandika tena: Kapteni, maji yako magotini. Nikaandika: Subirini, yatapungua, hesabu haidanganyi.

Baada ya hapo hakuna aliyeandika kitu.

Nilimpigia Devota mara kumi na saba. Simu haikupatikana. Regina alifunga biashara akaja akakaa kizingitini na mikono yake mapajani. Anania alikaa kando yangu tangu saa sita na nusu mpaka saa tisa. Hakunicheka. Hakutaja mfereji. Alinishika bega akaacha mkono wake hapo. Hilo sitamsamehe.

Saa tisa na robo ikaingia namba nisiyoijua. Alikuwa Devota, kwa simu ya mtu. Wote wazima. Wale wanawake wa pweza waliwaona kutoka nchi kavu, wakasukuma mitumbwi miwili, wakawatoa maji yakiwa ya shingoni kwa wafupi. Simu, ndoo na mishipi vimekwenda na bahari. Nilianza kumweleza kwamba huenda upepo wa kusi leo umezidi. Akanikatiza.

"Wenzangu walitaka tuondoke mapema," akasema. "Mimi ndiye niliyewazuia. Niliwaambia tulieni, Kapteni ni kaka yangu, hakosei."

Kisha simu ikakatika, au alikata.

Sijapata la kuandika hapa.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nina la kuandika. Nimeondolewa kundini. Sikuitwa, sikusikilizwa. Hata mwizi wa kuku husikilizwa!

Regina ameniambia niwaandikie niombe radhi, basi, maneno mawili matatu, Devota atawasomea. Nikakaa na karatasi. Nimeandika kurasa nne. Ya kwanza inaeleza utumishi wangu Rujewa. Ya pili, kwamba kwa wiki tatu walivua bila tatizo na hakuna aliyelalamika. Ya tatu, changu wa Liberatus. Ya nne, jinsi serikali za dunia zinavyopaswa kuitazama upya bahari. Ilipofika zamu ya radhi karatasi ilikuwa imekwisha.

Regina akaisoma yote amesimama. Akachukua kalamu, akaandika pembeni, mahali palipobaki: Nisameheni. Nilikosea. Kwa mwandiko wake ule wa kulala.

Ningeyafuta. Lakini karatasi ingechafuka. Nikaifunga hivyo hivyo.

Jumapili, 10 Agosti

Katikati ya mahubiri nimeliona kosa. Dakika hamsini ni za siku nzima, si za kila maji yanapokupwa. Nilihesabu mara mbili. Nikasema "aah" kwa sauti, mchungaji akadhani nimeguswa, akanitazama kwa upole mpaka mwisho wa ibada.

Kwa hiyo ieleweke: kujumlisha nilijumlisha sawasawa. Hamsini na hamsini ni mia. Kosa ni la bahari kutosema wazi.

Mchana Regina alichagua gunia la mchele bora alionao, la kuwapelekea wale wanawake wa pweza. Anania akaleta toroli lake. Nilikataa. Nimelibeba mgongoni mwenyewe mpaka stendi, nikapumzika mara sita. Njiani watu wameniuliza nahamia wapi. Kuna mizigo mtu anapaswa kuibeba mwenyewe, na sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Kabla ya kulishona, Regina alipogeuka, nilipenyeza ndani ratiba ya maji ya mwezi mzima, iliyosahihishwa. Iwasaidie.

Alhamisi, 14 Agosti

Devota amepiga. Gunia limefika. Wanawake wamepika mchele na pweza kwa nazi, wakawaita wote waliookolewa, wakala pamoja uwanjani kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikauliza kuhusu ratiba. Amesema waliisoma kwa zamu na kucheka mpaka mmoja akalazimika kukaa chini. Baadaye waliifungia karanga za watoto.

Barua yangu pia amewasomea. Nikamuuliza wameguswa na ukurasa gani. Akasema aliwasomea pembeni tu. Liberatus na Anjela wamesema yamekwisha.

Nikataka kumwambia kwamba yale hayakuwa maneno yangu. Sikumwambia. Nilimwambia kwamba siku ile, simu ilipokuwa haipatikani, niliweka kofia ile ya bendi mezani nikaona ni kofia ya mtoto. Akalia kidogo. Mimi mafua.

Mwisho akasema, "Kaka, niahidi. Hutawaambia tena watu habari za bahari."

Nikamwahidi. Mbele ya Regina, kwa jina la mama yetu. Bahari, basi. Na ahadi yangu ni ahadi.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimefungua kundi jipya: Wavuvi wa Ziwa Nyasa, Kyela na Matema. Ziwa si bahari. Halina chumvi. Na uzuri wake mkubwa, maji yake hayapwi wala hayajai kila siku, kwa hiyo hakuna hesabu ya mtu kukosea. Tayari wako thelathini na wawili. Anania nimempa cheo cha Mshauri wa Chambo. Alikataa asubuhi, akakubali mchana.

Regina hajajua. Amekwenda kuchota maji.

Sasa hivi tu mtu ameuliza. Ana mtumbwi mdogo, anataka kuvuka kesho na mkewe kwenda msibani, upepo utakuwaje? Anaomba jibu la mtaalamu.

Nimetoka nje kutazama kamba ya nguo. Shuka limetulia, halitikisiki hata pindo.

Nimemjibu: Shwari kabisa. Vukeni. Wenu, Admirali.

Ameandika asante sana.