Meza Namba 14 na Maneno Kumi na Mawili

Jumatatu, 4 Mei

Siku kubwa! Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya soko la kambi. Halmashauri inafanya majaribio: ada ya meza ya miezi sita sasa inaweza kulipwa kwa sarafu za mtandao, kwa simu. Anayelipa hivyo anapunguziwa sehemu moja ya kumi. Sarafu zitapokelewa kuanzia Alhamisi ya wiki ijayo. Mwisho wa kulipa kwa wote ni Ijumaa tarehe 15, saa sita mchana. Atakayechelewa, meza yake inachukuliwa na kupewa mtu aliye kwenye orodha ya wanaosubiri.

Nilifika pale nikamkuta Jean de Dieu ameshalisoma, anawaelezea watu kwa sauti kubwa, utadhani ameliandika yeye. Bwana huyu anachaji simu kwa sola karibu na cherehani yangu. Kwenye kwaya anasimama kando yangu, besi. Lazima awe wa kwanza kwa kila kitu. Solo ya Pasaka, yake. Solo ya Krismasi, yake. Basi.

Charlotte, mke wangu, ana meza namba 14, karibu kabisa na geti. Hapo anauza usipa, wale dagaa wakavu wa ziwa la hapa. Aliisubiri meza hiyo miaka miwili. Mimi ni fundi nguo, na wiki ambayo hakuna anayeshona, meza hiyo ndiyo inayotulisha sisi, watoto watatu na mama mkwe Rosalie. Jioni Charlotte alinikabidhi ada yote kwenye bahasha. Alisema, “Jules, iyi njo meza yangu, iko mu bahasha. Kesho asubui unaenda kulipa, na unaniletea resi.”

Nikasema sawa. Sehemu moja ya kumi! Charlotte hana muda wa kusoma matangazo. Mimi ninao.

Jumanne, 5 Mei

Niliomba ruhusa ya kutoka kambini. Nikasema jino linauma, nakwenda hospitali ya Likuni. Nikaenda moja kwa moja Lilongwe, Chilinde, kwa bwana mmoja Mnyarwanda aitwaye Hirwa. Anatengeneza simu na kuuza sarafu za mtandao.

Ajabu! Kila ofisi niliyowahi kuingia, nikitoa kadi yangu ya ukimbizi wanaigeuzageuza, wananiambia nirudi kesho. Pochi ya sarafu, ile programu ya kwenye simu, haikuuliza kadi. Haikuuliza nilizaliwa Uvira au wapi. Dakika kumi tu, ada yote ikawa ndani ya simu. Machozi yalinilengalenga. Nilimshika Hirwa mkono kwa mikono yangu yote miwili, mpaka akauliza kama niko salama.

Sharti ni moja. Pochi inatoa maneno kumi na mawili. Mwenye maneno hayo kwa mpangilio wake ndiye mwenye pesa, hata akiwa na simu nyingine kabisa. Hirwa ameonya: nisiyapige picha, nisiyaweke kwenye simu, nisimwambie mtu yeyote. Unaruhusiwa kuchagua lugha, nikachagua Kifaransa, lugha ya shule. La kwanza ni mwana-kondoo, la pili ni daraja. Siandiki zaidi. Mimi si mjinga.

Charlotte aliuliza risiti. Nikasema kulikuwa na foleni ndefu. Akaniangalia kidogo, akaendelea kuchambua usipa wake.

Jumatano, 6 Mei

Shida. Karatasi ya maneno nitaificha wapi? Nyumba ni chumba kimoja na nusu, watu sita. Rosalie anakunjua kila karatasi anayoiona, eti huenda ni barua kutoka kwao Fizi. Nimeamua kuyashika kichwani na kuichoma karatasi.

Asubuhi nilikuwa nayo yote. Saa nne yalibaki tisa. Alikuja mteja wa kupunguza suruali, yakabaki saba. Bahati nzuri karatasi nilikuwa bado sijaichoma.

Saa tisa akili ikanijia. Maishani nimesahau mengi, hata saa ya kwenda kwenye ndoa yangu mwenyewe, lakini wimbo ukiniingia hautoki. Nikayatia maneno sauti, taratibu, nikifuata mwendo wa kukanyaga cherehani. Yakakaa! Yote kumi na mawili, moja nyuma ya jingine. Nikaichoma karatasi kwa furaha kubwa.

Alhamisi, 7 Mei

Mazoezi ya kwaya. Wenzangu walikuwa wanapanga mabenchi, mimi najiimbia chinichini. Annuarite, kiongozi wetu, akaja akasimama mbele yangu. Akauliza huo ni wimbo gani. Nikasema si wimbo. Akasema kitu ambacho si wimbo hakiwezi kuwa na sauti nzuri hivyo. Nikasema basi, ni wa zamani, wa kwetu Uvira.

Ningenyamaza hapo. Lakini Annuarite akasema Jumapili kwaya tano zinashindana, sisi hatuna wimbo mpya, na aliyeuleta ndiye atakayeimba solo. Solo! Nilimwona Jean de Dieu anafunga daftari lake polepole.

Nilijaribu kuyapangua maneno nilipokuwa nafundisha. Nikashindwa, sauti haikubali. Nikawafundisha wimbo ulivyo. Na hatari iko wapi? Hakuna anayejua ni maneno ya nini. Mwana-kondoo, daraja, taa, mlango: ni wimbo wa dini mtupu. Mukashema tu, muuza nyanya, ndiye aliyeuliza karoti inafanya nini kwenye neno la tisa. Annuarite alimjibu kwamba hata karoti iliumbwa na Mungu.

Jumapili, 10 Mei

Ushindi! Nafasi ya kwanza! Nilifungua kinywa kwenye mwana-kondoo, kanisa zima likasimama. Tulipofika kwenye daraja wanawake wakapiga vigelegele. Tukaambiwa turudie. Tukaambiwa turudie tena. Mchungaji akaacha mahubiri aliyoyaandaa akahubiri wimbo wetu, dakika arobaini. Karoti, alisema, ni yule muumini anayekua chini ya udongo bila kujionyesha. Rosalie alilia. Miaka tisa nimemwoa binti yake, na hii ndiyo mara ya kwanza nimemliza kwa jambo jema.

Charlotte alinishika mkono mbele ya watu. Aliuliza tena habari za risiti, ila kwa upole.

Jean de Dieu aliurekodi wimbo wote kwa simu yake. Wivu tu. Baada ya ibada akanifuata, akasema neno la saba hakulisikia vizuri, nalo lilimharibia besi yake. Nikamtamkia taratibu, silabi kwa silabi, mara mbili. Mshindi lazima awe na roho kubwa.

Jumanne, 12 Mei

Kambi nzima inaimba! Wanawake bombani wanaimba. Leo nilipanda kabaza, na yule Mmalawi aliyekuwa akiendesha baiskeli, asiyejua Kifaransa hata cha salamu, aliimba kutoka mwana-kondoo mpaka mwisho bila kuruka neno. Nikamwongezea nauli.

Na sarafu zimepanda! Nikilipa Ijumaa, na punguzo juu, kinabaki cha kutosha suti. Nimeshachukua kitambaa cha kijivu kwa mkopo mjini Mponela. Mwenye duka alinitazama kwa mashaka. Nikamwambia ajiandae kuniita mheshimiwa.

Jumatano, 13 Mei

Jean de Dieu ameninunulia soda. Jean de Dieu! Anasema naye anataka kulipa kwa sarafu, lakini jambo lenyewe linampiga chenga. Alisema, “Mwalimu Jules, mi siko naelewa iyi mambo ya pochi. Unifundishe.” Mwalimu! Nilimweleza kila kitu, kwa uvumilivu mkubwa.

Nilipofika kwenye maneno ya siri akauliza kama kila mara ni kumi na mawili. Nikasema kila mara. Akauliza kama yanaweza kuwa ya Kifaransa. Nikasema yangu mimi ni ya Kifaransa, tena mazuri. Akatazama mbali, akaanza kuhesabu kwenye vidole, midomo inachezacheza. Alifika kidole cha kumi, akaanza upya, akaongeza viwili. Nikajua anafanyia mazoezi besi yake.

Soda hakuimaliza. Alizikusanya simu za watu, akafunga kazi mapema, akaondoka mbiombio. Nadhani somo lilimzidi.

Malipo ya sarafu yanaanza kesho, ila mimi nitangoja Ijumaa. Bei bado inapanda, na koti bado halina vifungo.

Ijumaa, 15 Mei

Yaliyotokea leo lazima niyaandike.

Saa nne nilivaa koti jipya. Suruali bado, nikavaa ya zamani. Nikawaambia Charlotte na Rosalie wanifuate ofisi ya soko, nina jambo la kuwafurahisha. Njiani nikamfunulia Charlotte yote. Hapakuwa na foleni, palikuwa na mpango! Sarafu, punguzo, suti, na yeye nitamshonea vitenge viwili. Alishika kitenge chake kiunoni, akaongeza mwendo. Nilidhani ni furaha.

Karani, Bambo Nkhoma, ndivyo Wamalawi wanavyosema bwana, alitayarisha mashine yake. Nikatoa simu, nikafungua pochi. Sifuri. Nikaifunga, nikaifungua tena. Sifuri. Sarafu zote zilitoka Jumatano jioni. Ilikuwa saa tano na nusu.

Akilini niliiona meza ya geti, na mtu mwingine anapanga vitu vyake juu yake, na Charlotte amekaa chini kwenye vumbi na beseni lake, kama miaka ile. Niliogopa kweli. Tangu tuvuke mpaka sijaogopa hivyo. Nikamgeukia, nikamwambia nimeipoteza meza yako. Nikalia pale pale, mbele ya karani, koti likiwa mwilini.

Bambo Nkhoma akapekua daftari lake. Akasema samahani, haelewi ninacholilia. Meza 14 imelipwa tangu jana saa mbili asubuhi. Kwa sarafu. Ya kwanza sokoni kote. Jina, Charlotte.

Ndipo mke wangu akasema. Jumatano jioni Jean de Dieu alifika nyumbani anahema, akamwambia, “Mama Charlotte, bwana yako ametia feza ya meza mu wimbo, na bantu bote biko banaimba.” Alitaka kujua afanye nini. Charlotte akamwamuru azihamishie kwenye simu yake saa ile ile, kabla mtu mwingine hajajua kuhesabu mpaka kumi na mbili, akamsimamia mpaka sarafu ya mwisho. Alfajiri wakaenda kungoja ofisi ifunguliwe. Faida yote na punguzo, Charlotte anavyo. Mahali alipoviweka hakupataja.

Nikamuuliza kwa nini siku mbili nzima hakuniambia. Alisema, “Nilitaka nione utaniletea resi gani.” Akatoa yake kwenye kitenge, imekunjwa mara nne, akanionyesha, akairudisha. Rosalie naye akasema koti linanibana mgongoni.

Jumamosi, 16 Mei

Asubuhi sikutaka kutoka nje. Nilijua watanicheka mpaka Krismasi. Lakini Charlotte hapeleki mambo ya nyumba yake sokoni, na Jean de Dieu ameapishwa anyamaze. Sasa kwenye mlango wa ofisi wamebandika karatasi mpya: wa kwanza kulipa kwa sarafu za mtandao, meza namba 14. Watu wananipa mkono! Bambo Nkhoma ameniambia zikomo, yaani asante, kwa kuwafungulia wengine njia. Sikumkatalia. Si adabu.

Mchana Mukashema amekuja kwenye cherehani yangu. Amepata meza ya mtu aliyechelewa jana! Miaka mitatu anauzia nyanya chini. Lazima alipe kabla mwezi haujaisha, na punguzo la sarafu anapewa. Ila maneno kumi na mawili anayaogopa, anasema kichwa chake hakishiki hata bei ya chumvi. Ameniomba mimi, mtaalamu, nimfungulie pochi na kumtunzia maneno. Alinipa bahasha kwa mikono miwili. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Kwa wimbo? Hapana! Nimejifunza. Kosa la wimbo ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na maneno yote. Safari hii hakuna atakayekuwa na zaidi ya moja. Annuarite ameniagiza sare mpya za kwaya, na waimbaji tuko kumi na wawili kamili. Kila mmoja nitamtarizia neno lake kifuani, kwa uzi wa dhahabu, neno moja tu. Mtu akiyataka yote, itabidi kwaya nzima isimame mbele yake kwenye mstari. Nimeanza leo. Nashona kwa kufuata tunavyosimama kanisani, kuanzia kushoto, nisije nikauharibu mpangilio.